Pampu Inayojiendesha

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu Machi, siku ambayo kila mtu hospitalini alipongezwa.

Kabla ya hapo pampu ya maji iliwashwa na mgane mmoja waliyemwita Babu Pampu. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo, yeye na kompyuta kuukuu. Kila alfajiri alibonyeza kitufe kimoja, kompyuta ikafuata skripti yake, yaani maagizo iliyoandikiwa mstari kwa mstari, pampu ikanguruma, maji yakapanda wodini. Kazi hiyo haikuhitaji cheti, ndiyo maana wakubwa hawakuipenda.

Wakaleta kompyuta mpya, wakaiweka ofisini juu, penye kiyoyozi. Skripti ya juu ingeiita ya chini, ya chini ingewasha pampu, na Babu Pampu angekaa kuangalia tu.

Jumanne akakaa akaangalia. Ya juu ikaita. Ya chini ikaandika: Hakuna faili kama hilo. Ikanyamaza. Babu Pampu akayasoma maneno hayo kwa kidole, kama alivyosoma kila kitu tangu alipoacha shule darasa la nne. Kisha akabonyeza kitufe chake cha zamani, maji yakapanda, naye akapanda ngazi kwenda kwa mkuu wa utawala.

"Mkuu, mashine yako imeita, yangu haikuitika."

"Maji yametoka, hayajatoka?"

"Yametoka."

"Sasa shida iko wapi, mzee wangu?"

"Nimeyatoa mimi."

Mkuu akamgeuzia kioo cha kompyuta. Maandishi ya kijani yalisema: Imefanikiwa.

"Soma mwenyewe. Nikuamini wewe au niamini hii?"

Fundi wa kompyuta alikuwapo, anamalizia keki ya uzinduzi. Akamvuta Babu Pampu koridoni.

"Mashine hizi zina mifumo tofauti, mzee. Kwenye kuandika mahali faili lilipo, ya juu hulaza kistari kulia, ya chini kushoto. Kwa hiyo ya chini inatafuta pasipo na kitu."

"Na ile Imefanikiwa?"

"Maana yake wito umefika. Jibu hatuliulizi."

Babu Pampu akaona ni sawa na kumtuma mshenga, afukuzwe na mbwa mlangoni, na huku nyumbani watu wameshabandika sufuria.

"Basi rekebisha."

"Mpaka mkuu aidhinishe. Na mkuu mpaka aone tatizo. Iache asubuhi moja, usibonyeze."

Kesho yake akafunga mikono nyuma. Ya juu ikaita, ya chini ikakataa. Juu, wodi ya tatu, mtu akafungua bomba, nalo likakoroma tupu, mlio ukamshukia kwa mabomba mpaka chini. Katika wodi hiyo ndimo alimofia mkewe, siku za ukame wa mabomba, yeye akipandisha maji ya kumnawisha kwa jagi. Wakubwa walimletea rambirambi na neno "changamoto" katika sentensi moja.

Bomba likakoroma tena. Akabonyeza.

"Shenzi," akaiambia kompyuta, ingawa hakuwa akiikusudia kompyuta.

Ikawa ndiyo kawaida: ya juu inaita, ya chini inakataa, Babu Pampu anabonyeza, ya juu inajisifu. Mkuu akapewa tuzo ya ubunifu, akaitundika juu ya kiyoyozi. Fundi akahamishwa.

Kisha binti wa Babu Pampu akapiga simu.

"Baba, mjukuu wako keshafika. Sura ya marehemu mama mtupu, mpaka kununa. Unakuja, au unasubiri aolewe?"

"Nakuja, mama."

"Hata arusi yangu ulikuja kwa simu."

"Nimesema nakuja!"

Mkuu alisaini likizo bila kuinua macho.

"Nenda hata mwezi mzima, mzee. Siku hizi pampu inajiendesha."

"Nimekwambia haijiendeshi."

"Na maji yanatoka kila siku. Mzee, tusirudi huko."

Basi lilikuwa linaondoka kesho yake kabla ya alfajiri. Babu Pampu alifika mlangoni na karatasi yake ya ruhusa, akasimama. Wodi ya tatu nesi alikuwa akijaza ndoo, na mlio wa maji ulisikika mpaka pale.

"Mkuu."

"Nini tena?"

"Kesho mashine yako ikiita, nani ataitika?"