Nywele Tumboni mwa Chui

Harufu ya ndoo ile ilikuwa imekula chumvi nyingi kiasi cha kustahili shikamoo. Kila Jumanne na Ijumaa iliingia kwanza yenyewe katika saluni ya Mama Sesilia, katikati ya jiji la Durban, ikawapita wateja waliokuwa wakisukwa, ikatafuta pa kukaa. Ndipo Barthélemy alipotokea nyuma yake, ameikumbatia ndoo kama mtoto wa ubatizo.

"Papa Barthélemy," Mama Sesilia alisema, pua ameibana kwa klipu ya nywele, "hiyo ndoo iko na maiti?"

"Iko na manukato, Mama. Matumbo ya kuku ya siku tatu. Chui wangu hapendi kilicho kichanga."

"Mteja wangu ametapika kwenye sinki. Eish! Alikuja kusuka, si kufa."

Barthélemy aliiweka pembeni, chini ya fagio lililotundikwa likiwa na mabaki ya nywele za kusukia, asubiri jua lipungue. Na ili wamsamehe, akawapa uongo wa siku hiyo: kwamba chui alimwamkia kwa Kifaransa, tena kwa lafudhi ya Bukavu. Wakacheka huku wameziba midomo.

Hakuna aliyemuuliza ndoo ile ilikuwa ya nini hasa. Kwa miaka kumi na tisa Barthélemy alifuata nyayo katika misitu ya Kongo, askari wa hifadhi, mpaka vita vikamsukuma hadi ufukwe wa South Beach, akawa mlinda magari, akipunga kitambaa mbele ya watu wasiomtazama usoni. Miaka miwili. Kisha akatokea Daktari Deborah, mtafiti wa chuo kikuu aliyejifunza Kiswahili porini Tanzania, akamwajiri kumfuatilia chui aliyeishi kwenye mabonde nje ya jiji. Alikuwa amemvisha mkanda wa shingoni wa aina mpya, wa GPS, apate kujua kama mnyama huyo anaweza kuishi jirani na binadamu bila kugusa vyao. Akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba chui akihama bonde, mradi umekwisha.

Basi Barthélemy akahakikisha hahami. Mara mbili kwa wiki alimwaga matumbo chini ya jabali ng'ambo ya kijito, pumzi ameibana, akarudi nyumbani akiwa bado mtu mwenye kazi. Mikanda aliyoizoea zamani ilikuwa ikilia tu, "nipo, nipo," ukiikaribia na antena. Hakujua kwamba huu mpya ulizungumza na setilaiti, ukaandika kila saa na kila mahali, ukayahifadhi yote.

Baada ya miezi minane mkanda ulijifungua wenyewe, kama ulivyotegwa, ukaokotwa majanini. Deborah akauunganisha na kompyuta katika kibanda cha mradi. Vikatokea vidoa vyeusi juu ya ramani, vimesongamana mahali pamoja kama nzi juu ya donda.

"Mzee Barthélemy, huyu ana ratiba! Jumanne na Ijumaa. Kuna nini pale?"

"Labda ana ibada, Daktari."

Deborah alicheka. Barthélemy naye alicheka, lakini macho hakuyatoa kwenye vile vidoa.

Asubuhi yake wakaenda jabalini. Kinyesi kilikuwa kila mahali. Deborah alivunja kimoja kwa kijiti: manyoya ya kuku, kipande cha mfuko wa plastiki, kisha nywele. Ndefu, nyeusi, zimesokotwa pamoja. Kijiti kikamponyoka.

"Amekula mwanamke," alisema.

Adhuhuri askari wa wanyamapori alifika na bunduki ndefu. Chui aliyeonja mtu hapewi wiki.

Barthélemy aliutazama msuko ule. Ncha yake ilikuwa imechovywa katika maji ya moto, kama wasusi wa kwao wafanyavyo ili usifumuke. Akaikumbuka ndoo isiyo na kifuniko pale saluni, na fagio juu yake likipukutisha nywele. Akajua pia kwamba akinyamaza, risasi moja ingeifukia siri yake, na mradi mwingine usingekosa kumhitaji. Ndipo kinyaa kilipomshika, si cha mavi. Mnyama aliyekuwa akiwinda nguruwe mwitu gizani, sasa anakaa chini ya jabali akingoja Jumanne, jicho njiani, kama mlinda magari.

"Hakuna aliyeliwa," alisema. "Ni mimi niliyemlisha. Hizo ni nywele za bandia, za saluni."

Deborah hakugeuka hata kumtazama. "Mzee, leo si siku ya hadithi."

Alikuwa amewachekesha miezi minane. Sasa hakuwa na senti moja ya kuaminika. Akakusanya kinyesi kwa mikono mitupu, akakichukua hadi kwenye bomba la kibanda, akapiga magoti. Alikiosha tonge kwa tonge, akatoa utepe mmoja wa nywele baada ya mwingine, akiuanika juu ya jiwe. Harufu ilimpanda puani. Mara mbili alitapika kando, akafuta mdomo kwa bega, akaendelea.

"Kiberiti," alimwambia askari, akinyoosha mkono.

Aling'oa unywele mmoja wa ndevu zake, akauchoma. Ukajikunja, ukanuka kwato, ukawa jivu. Kisha akauchoma wa kwenye jiwe. Huo haukuwa jivu. Uliyeyuka, ukawa tone jeusi, gumu, lenye harufu ya ndoo za plastiki zinazoungua.

Askari akaligusa kwa ukucha. "Hawu, baba," alisema taratibu, akaanza kuziondoa risasi bundukini.

Deborah aliinama akalitazama lile tone. "Miezi minane," alisema. "Nimeandika safari za matumbo ya kuku."

"Ndiyo, Daktari."

"Kesho usije."

"Sitakuja."

Mikono ya Barthélemy ilikuwa bado inanuka. Alikuwa akiisugua kwa mchanga mara ya tatu tumbili walipoanza kupiga kelele mtini, ile kelele fupi, kali, wanayomwekea chui peke yake. Ilitoka kaskazini, juu ya kilima, mbali na jabali. Deborah aliinua antena kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba chui hana tena mkanda, akaishusha.

Tumbili wengine wakapokea, mbali zaidi kaskazini, kadiri chui alivyokwenda. Kisha wengine tena, kwa mbali kiasi kwamba Barthélemy alifunga bomba ili asikie.