Skrubu Iliyoyeyuka Mapema

Mwanamkisi alikuwa akisuka ukili barazani, mguu wa kulia umelazwa juu ya mto, mumewe Jeilani alipokuja kumwambia punda ameshatandikwa. Wakiwahi hori la bahari likiwa limejaa maji wangepata boti ya kwenda Amu, mjini Lamu. Alizifunga chane zake za ukindu, akajaribu kusimama, kifundo kikamwuma hata akashika ukuta. Penye kovu palikuwa pamevimba, na kila alipopabonyeza palitoa mlio mdogo chini ya ngozi, kama povu linalopasuka.

Kifundo hicho alikivunja akitoka shamba, alipoteleza na mzigo wa kuni kichwani. Wakati ule hospitalini Amu kulikuwa na mradi wa madaktari wageni. Rufus, kijana wa bara aliyekuwa mkalimani wao, alimweleza kuwa watu hutiwa chuma, kisha wakapasuliwa tena kukitoa. Wao wangemtia skrubu ya magnesiamu, ambayo ingeyeyuka yenyewe mfupa ukishaunga. Hatapasuliwa mara ya pili. Hilo ndilo lililomkubalisha, maana kwao Siyu si karibu na hospitali, na kisu alikiogopa tangu utotoni.

Walipofika Amu walikuta chumba cha mradi kimegeuzwa stoo ya magodoro. Mlinzi akawaambia wageni walishaondoka zamani. Basi wakapanga foleni pamoja na wenye homa na wenye watoto, hata adhuhuri ikaadhiniwa, ndipo wakaingia kwa Chelangat, tabibu aliyekuwa zamuni. Yeye mwenyewe alimsukuma Mwanamkisi kwa kiti cha magurudumu hadi eksirei. Picha ilipotoka aliiangalia, akaiangalia tena.

"Mama, mfupa haujaunga," alisema. "Na skrubu imeisha karibu yote."

Jeilani akasema si ndivyo walivyoambiwa, kwamba itayeyuka? Chelangat akavuta kiti, akaketi karibu nao.

"Ingeyeyuka polepole. Magnesiamu huliwa na maji ya mwili, kama msumari uliosahaulika kwenye chumvi. Ndiyo maana hupakwa utando wa kalsiamu fosfeti, madini yale yale ya mfupa, ili uilinde mpaka mfupa ushikane. Utando wako nafikiri ulipasuka mapema. Hiyo hewa unayoisikia chini ya ngozi hutoka skrubu ikiliwa."

Mwanamkisi aliuliza kama mfupa utaunga wenyewe.

"Unaweza, mama. Lakini utaunga upande, umepinda."

Alihitaji kupasuliwa, atiwe chuma. Lakini daktari wa mifupa aliletwa na mradi, na mradi ulipofungwa aliondoka nao. Labda Mombasa, na huko watu walikuwa wakingoja miezi. Chelangat alisema, macho yake mezani, kwamba wagonjwa wengine walirudi na uvimbe kama ule, akawaandikia wenye mradi, wasimjibu. Kisha akamfunga bendeji taratibu sana, kama anayeomba radhi kwa mikono.

Mwanamkisi hakulia mbele yake. Alilia ukumbini, ushungi usoni, akilifikiria shamba lililoota magugu na maji ambayo sasa Jeilani ndiye aliyekuwa akiyateka.

Hapo ndipo Rufus alipowaona, akaja kwa furaha, akawasalimu kwa majina. Alikuwa akimalizia ripoti ya mwisho ya mradi, akasema, wakubwa wanataka video fupi za wagonjwa wakitembea.

"Mpaka pale dirishani tu, Bi. Hata ukimshika bwana."

Mwanamkisi akamwambia skrubu imeliwa na mfupa haujashikana. Rufus akasema pole, atalifikisha hilo, lakini ripoti ni ya leo, na ikipendeza huenda ikaleta mradi mwingine kwa watu wa Lamu. Jeilani akasimama, ngumi imekunjwa.

"Mwate, Jeilani, usimguse," alisema Mwanamkisi. Akafuta uso, akauinua mguu wake kwa mikono miwili, akaulaza juu ya benchi, bendeji ikielekea simu aliyoishika Rufus. "Nipige picha papa hapa. Huku ndiko kutembea kwangu."

Rufus alimtazama kidogo. Akasema picha kama ile hawataitumia, akaishusha simu, akaenda zake.

Jeilani alitoka kutafuta mkokoteni wa kumfikisha gatini. Mwanamkisi akabaki peke yake. Kutoka upande wa pili wa ukumbi alisikia mkongojo ukigonga sakafu, ukisita, ukigonga tena, na sauti ya Rufus, ya upole kabisa, ikisema, "Huo mkongojo uegemeze ukutani kwanza, mzee. Sasa njoo."