Kufuli Lililouliza Mpaka Lini

Niliota usiku wa jana kwamba kufuli lilikuja ofisini kwangu na kuomba kukaa.

Sina ofisi. Nina meza ya kukunja, simu, na cheti cha chuo kikuu ambacho bado hakijanipeleka popote. Lakini ndotoni ofisi ilikuwepo, na dirisha, na jua la saa nne asubuhi, nami sikushangaa. Kufuli lilikuwa kubwa kama mwanambuzi. Likakaa kwenye kiti cha wageni na kukunja nne, ingawa halikuwa na miguu.

"Msimamizi," likasema, "kuna mtu nimemfunga kwa amri yako. Nimekuja kuuliza, mpaka lini?"

Nilijua linamsema nani. Najitolea kusimamia jukwaa la mtandaoni la wafugaji wa kuku. Tuko watu mia tatu na kumi na wawili, na asubuhi ya Jumapili nilikuwa nimemfungia Mama Nyamizi wa Nzega asiandike chochote humo kwa siku saba. Kanuni ya nne inasema: usijaze ukurasa. Mama Nyamizi alikuwa ameamka akamsalimia kila mwanachama kwa jina, kila mmoja ujumbe wake, akimuuliza amelalaje na kuku wake wamelalaje. Ujumbe mia tatu na kumi na moja, kwa kuwa hakujisalimia mwenyewe.

"Siku saba," nikajibu.

"Mimi umeniambia," likasema kufuli. "Yeye je?"

"Si mfumo ulimtumia ujumbe?"

"Mfumo ndio mimi. Na mimi nina neno moja tu: Umefungiwa. Nikalisema, nikanyamaza. Akauliza amekosa nini, sikuwa na neno la pili. Akauliza mpaka lini. Akauliza kama tumemchoka." Likakohoa, kutu kidogo ikaanguka mezani. "Mimi ni chuma, msimamizi, lakini ile sauti sikuipenda."

Ninasimama, ninafungua mlango. Nje ya ofisi ni Nzega, ambako sijawahi kufika. Kando ya uzio wa minyaa kuna benchi refu, na juu yake wameketi watu saba waliovaa viatu vya safari. Ni zile siku saba. Jumatatu anamenya karanga. Jumapili, aliye mwisho kabisa, amesinzia begani kwa Jumamosi.

"Mbona hamjaanza kupita?" nauliza.

"Tupitie wapi?" anasema Jumatatu. "Mwenyewe hajaambiwa kwamba tuko saba. Anavyojua yeye, hatuna mwisho. Kwa mtu wa namna hiyo hatupiti, tunakwama mlangoni."

"Na asipoambiwa?"

"Tutakaa. Karanga zipo."

Jumatano ananitazama kwa huruma. "Wewe kijana, harakisha. Amemwita mchuuzi aje awabebe kuku wote. Anasema kama wenzake wamemkataa, kuku wa nini tena?"

Na kweli, barabarani namwona mchuuzi anakuja na baiskeli, matenga matupu nyuma. Naruka uzio.

Mama Nyamizi alikuwa amechuchumaa uani na bakuli la mahindi yaliyoparazwa. Miguuni pake vilijaa viumbe vidogo vya manjano, vinalia kwa sauti nyembamba.

"Vifaranga wengi hivi, mama?"

"Vifaranga gani? Ni salamu zangu. Zimerudi zote, hakuna aliyezipokea. Nazilisha tu, maana zimetoka mbali."

Nikatoa karatasi mfukoni, nikasimama wima na kusoma: "Ndugu Mwanachama, unafahamishwa kwamba kufuatia ukiukwaji wa kanuni ya nne..."

Mama Nyamizi akageuka nyuma na kuita, "Wewe Ndugu Mwanachama! Unatafutwa huku!"

Jikoni akatoka mwanamume mwenye suti ya kijivu, amebeba gunia la barua. "Ndiye mimi," akasema. "Leta nisaini."

"Kwani wewe umekosa nini?" nikamuuliza.

"Sijawahi kukosa kitu maishani. Ila barua zote za namna hii huletwa kwangu." Akasaini, akaitumbukiza kwenye gunia, akarudi jikoni.

"Haya," akasema Mama Nyamizi. "Yake kapata. Na yangu iko wapi?"

Sikuwa na nyingine. Mchuuzi alikuwa ameshafika mlangoni, anapiga kengele ya baiskeli. Nikachuchumaa tukalingana macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje? Kuku wako wamelalaje?"

"Sina kuku, mama."

"Msimamizi wa wafuga kuku huna kuku!" Akacheka. Salamu nazo zikacheka, zikamwaga maji yao ya kunywa.

Nikamwambia. "Mama, hujafukuzwa. Jana asubuhi Mzee Gwakisa alikuwa ameomba msaada, vifaranga wake wanakufa. Salamu zako zikalifunika swali lake, likazama, tukaliona jioni. Wakafa sita. Hilo ndilo kosa, na ni hilo tu. Utakaa nje siku saba, kuanzia leo Jumatatu. Jumatatu ijayo asubuhi utaandika tena, na huna haja ya kumwomba mtu. Nami nilikosea. Nilipaswa kukuambia kosa lako na siku zako papo hapo, badala yake nikaenda kunywa chai."

Salamu moja ikampanda gotini.

"Sita," akasema.

"Sita, mama."

"Basi siku saba ni halali yangu. Sikatai." Akaipangusa ile salamu mdomo. "Lakini mwanangu, nitawasalimiaje? Nikisema hamjambo nyote, ni sawa na kumwaga mahindi uani. Wenye mbio wanakula, mnyonge anakosa. Mimi nimekaa peke yangu miaka tisa, mnyonge namjua."

Sikuwa na kanuni ya kumjibu. Nikafikiri hivi hivi, kama mtu.

"Salimia kumi na mmoja kwa siku," nikasema. "Kwa majina yao. Mwezi ukiisha utakuwa umewafikia wote."

"Na yule wa mwisho asubiri mwezi mzima?"

"Tutamwambia siku yake ni ipi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Akiijua siku yake, atasubiri." Kisha akapaza sauti: "Wewe mchuuzi! Rudi na matenga yako, hapa hakuna anayehama!"

"Mama, nimetoka mbali!" akalalamika mchuuzi.

"Ingia basi unywe uji, halafu urudi."

Kule kwenye benchi Jumatatu akakung'uta maganda ya karanga, akasimama na kuanza kutembea. Alipita katikati ya ua, akampungia mkono Mama Nyamizi, na mlango haukumbana. Jumanne akaanza kufunga kamba za viatu.

Nikaamka.

Jua lilikuwa dirishani. Nilishika simu kabla ya kunawa uso, nikafungua ukurasa wa faragha kati yangu na Mama Nyamizi, ambako kufuli halifiki, ili nimwandikie. Nilichomtumia tangu tujuane kilikuwa kimoja tu, lile neno la mfumo la Jumapili: Umefungiwa. Zaidi ya hapo sikuwa nimemwandikia hata herufi. Nilipandisha, nikashusha, nikahakikisha.

Lakini chini yake, saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi ya leo, kulikuwa na ujumbe kutoka kwake:

"Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, Jumatatu ijayo. Mchuuzi amekunywa uji ameondoka."

Nilikaa kitandani nikautazama. Halafu nikaandika shikamoo yangu, polepole, na maelezo yote moja baada ya jingine, nikaituma. Ikaenda kukaa pale chini, nyuma ya jibu lake.