Kaseti ya Nne

Noëlla alikuwa ameinamia mashine ya kuandikia, vipokea sauti vya kinasa masikioni, mkurugenzi wake Edouard alipoingia na mwanajeshi wa waasi walioshika Bukavu.

"Commandant Philémon anataka kusikiliza ule mukutano wa Nyangezi," Edouard alisema bila kumtazama. "Umusaidie."

Mkutano ulianza baada ya misa ukaisha jioni. Shirika lao la amani lilirekodi kila neno, na kaseti zilijaza mfuko mzima. Philémon aliweka bastola mezani.

"Kuko mutu alisimama kule akatukana jeshi. Iko nani?"

"Sijue, mon commandant. Mi sikukuwa kule. Na watu walisema wengi, iko réunion ya siku muzima."

"Basi tutasikiliza siku muzima."

Noëlla alichomoa waya wa vipokea sauti kwenye kinasa, wakasikiliza. Nyimbo, salamu za padri, malalamiko ya mihogo iliyong'olewa shambani. Goti la Philémon halikutulia. "Peleka mbele!" Sauti zilikimbia zikilia kama vifaranga. "Simamisha. Uyu nani?" Alikuwa chifu, anashukuru. "Peleka mbele!"

Noëlla aliingiza kaseti ya nne. Asubuhi alikuwa amemsikia humo mwalimu Zagabe, aliyemfundisha kusoma, akitaja waliouawa kilimani kwake, jina moja baada ya jingine, kisha kambi ya waasi walikotoka wauaji. Hapo alisimamisha kinasa. Hakuweza kuendelea.

Redio ya mawasiliano ya Philémon ilikoroma. Akatoka barazani kujibu.

Noëlla alisogeza mkanda hadi pale mwalimu anapokohoa kabla ya kusema. Akabonyeza vitufe viwili pamoja, kile chekundu cha kurekodi na jirani yake. Magurudumu yalizunguka polepole mno. Majina yalikuwa yanafutika: bibi harusi wa Burhale, mapacha, mzee Mushagalusa aliyekataa kukimbia. Hakujua kama yameandikwa popote. Alitaka kuachilia vitufe, akavikandamiza zaidi. Barazani Philémon alikuwa anacheka na mtu redioni.

Alipomaliza alirudisha mkanda hadi pale pa kikohozi. Philémon aliporudi, alibonyeza mwenyewe. Mvumo mtupu.

"Hapa kulikuwa nini?"

"Kaseti iko ya zamani, mon commandant. Inakatakataka."

Philémon alimtazama Noëlla, kisha kinasa. Aliuacha mkanda uzunguke. Mvumo ukaisha ghafla, ikaja sauti ya mwanamke, kubwa, yenye hasira:

"Mi naitwa Apolline! Yote yenye mwalimu Zagabe anatoka kusema iko kweli! Ni wale wa kambi njo walituua!"

Makofi yalijaa chumba.

"Rudisha," Philémon alisema taratibu.

Noëlla hakusogea. Philémon alirudisha mwenyewe, akasikiliza tena majina yale mawili. Kisha akachukua kaseti na bastola, akampa Edouard mkono, akatoka. Gari lake la jeshi lilinguruma nje.

"Watamufikia mwalimu bado iko darasani," Noëlla alisema. "Papa Edouard, tutume mutu."

"Kwa njia gani? Barrière zote za njiani ni zao." Edouard alijipangusa uso. "Andika tu yenye inabakia. Wafadhili wanangoja rapport."

Noëlla aliingiza kaseti ya tano, maana mikono ilikosa la kufanya. Alikuwa amesahau kurudisha waya wa vipokea sauti. Sauti ya Zagabe ikatoka wazi, ya upole, kama anaomba radhi:

"Munisamehe, nasimama tena. Kuko majina mawili ya wafu nilisahau."

Edouard alinyoosha mkono, akapunguza sauti.