Breki Bado Bima

Kampuni ya bima iliposema kwamba gari la Abshir limekufa, ilisema kwa heshima zote, kama watu wanaotoa rambirambi. Mtu wao alikuja, akauzunguka mwili, akatikisa kichwa, akapiga picha za marehemu kutoka kila upande, na gari likafutwa katika hesabu ya walio hai. Abshir akapewa fidia yake. Badala ya kuzika na kusahau, alirudi kwa kampuni ile ile, akaununua mzoga, akauvuta kwa kamba hadi gereji ya Yahye, nyuma ya soko la mifugo la Garissa. Huko kazi ya ufufuo ikaanza.

Binti yake Ikran hakwenda hata siku moja kuutazama ufufuo huo. Yeye alikuwa ndani ya gari siku lilipokufa.

Ilikuwa barabara ya Dadaab. Ngamia alitoka kichakani bila haraka, Abshir akakata usukani, gari likaacha lami na kubingirika. Ngamia hakuguswa. Abshir alivunjika mkono, na mpaka leo vidole vyake havifungi vizuri, ndiyo maana ameajiri dereva. Ikran alitolewa mzima, ila sauti ya changarawe ikikwaruza chini ya gari haikutoka masikioni mwake. Tangu hapo, gurudumu la gari lolote likigusa tu ukingo wa lami, yeye hufumba macho na kushika chochote kilicho karibu.

Shuleni, bwenini, hakuna aliyejua hayo. Huko Ikran wa kidato cha tatu alijulikana kwa makuu mengine. Ndiye aliyeisimamisha mifupa ya plastiki ya maabara kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, ikaonekana inasubiri tangu muhula uliopita. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kumwigiza matroni, mama wa Wajir ambaye Kiswahili chake hakikuwa na pa hata moja. "Nani amebika chabati bwenini?" Ikran angeuliza kwa sauti nzito, shuka kichwani, na wasichana wangeuma mito ili kicheko kisifike nje. Ni kweli kwamba babake na nusu ya ukoo wake waliongea hivyo hivyo. Hilo hakulitaja kwenye maonyesho.

Sasa ilikuwa likizo, na gari lilikuwa limefufuka. Kilichobaki ni sheria. Gari lililokufa haliruhusiwi kurudi barabarani kwa neno la fundi. Lazima wakaguzi wa serikali walipime, walitangaze hai, ndipo likatiwe bima upya. Asubuhi hiyo wakaguzi walikuwa Madogo, ng'ambo ya daraja la Tana.

"Utakuja nasi," Abshir alimwambia binti yake. "Shule ikifunguliwa utarudi kwa gari hili. Afadhali ulizoee."

"Aabo, kichwa kinaniuma."

"Nacho kije."

Dereva, kijana wa Mwingi aitwaye Mwendwa, alikuwa amekwenda kulichukua gari gereji. Alilileta hadi mlangoni taratibu, kama mtu anayembeba mgonjwa. Mlango mmoja ulikuwa wa kijani na mwili mweupe. Mlango huo ulikuwa umetoka kwa marehemu mwingine.

"Yahye amesemaje?" Abshir aliuliza akifunga mkanda.

"Kila kitu tayari, mzee. Amesema imebaki bima tu."

"Hiyo ni baada ya ukaguzi. Twende."

Ikran alikaa nyuma. Kiti kilinuka rangi mpya na, chini ya rangi, kitu kingine ambacho alikijua tangu siku ya ajali. Alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kuanza kusoma kimyakimya kila dua aliyoifahamu, pamoja na ile ya kuingia chooni, kwa kuwa hakuwa katika hali ya kuchagua.

Walipofika kwenye tuta la kwanza Mwendwa alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Gari likapunguza mwendo. Kwenye tuta lililofuata alifanya vivyo hivyo, ila mguu ulikwenda chini zaidi.

"Kwa nini unakanyaga mara mbili?" Ikran aliuliza.

"Gari limelala muda mrefu, dada. Hata wewe ukiamshwa shuleni huamki kwa kengele ya kwanza."

Abshir alicheka. Ikran hakucheka. Aliutazama ule mguu.

"Mwendwa, Yahye alikuwa wapi ulipochukua gari?"

"Chini ya lori. Niliona miguu tu. Ufunguo ulikuwa ndani ya gari."

"Alisemaje? Neno kwa neno."

"Nimeshasema. Imebaki bima."

"Hayo ni yako. Nataka ya Yahye."

Mwendwa alimtazama kwenye kioo, akaona hakuna utani. "Alisema, 'Ngoja, breki bado bima.'"

"Breki?"

"Breki bado bima. Nikajua ni gari zima, yeye amelitaja kwa kipande."

Ikran alilirudia neno moyoni, kwa sauti yake ya bwenini, sauti ya kuchekesha. Bima. Sijabima. Bado kubima. Bado kupima. Breki haikatiwi bima. Breki hupimwa.

"Aabo," alisema kwa sauti ndogo, "Yahye anasema pa?"

"Yahye? Hana pa," Abshir alijibu. Akageuka kumtazama dereva, na Ikran akaona rangi ikimtoka babake shingoni.

"Mwendwa, simama," Abshir alisema.

Mwendwa akakanyaga. Pedali ikashuka mpaka sakafuni na kubaki huko. Akaivuta breki ya mkono. Ikaja yote mkononi, nyepesi kama ufito wa mswaki. Mbele yao barabara ilikuwa imeanza kuteremka kuelekea mtoni, na mwishoni mwa mteremko, kabla ya daraja, kilikuwapo kizuizi cha askari: mapipa, miba ya chuma iliyotandazwa lamini, na mtu mwenye bunduki aliyekwisha kuinua mkono.

Hakuna mtoto wa Garissa anayehitaji kuelezwa kuhusu kizuizi hicho. Gari husimama. Lisiposimama, walio nyuma ya magunia ya mchanga hawangoji kujua lilikuwa na shida gani.

Mwendwa aliangusha gia. Injini ililia, mwendo ukapungua kidogo, mteremko ukaurudisha. Askari aliushusha mkono wake na kushika bunduki kwa yote miwili. Mwingine alitokea nyuma ya pipa.

"Ya Rabi," alisema Abshir. "Toeni mikono nje. Waione mitupu."

Ikran aliitoa. Upepo uliipiga. Kulia, kando ya lami, aliona marundo ya mchanga uliochotwa mtoni, unaosubiri malori ya wajenzi. Kati ya gari na marundo kulikuwa na ukingo wa lami, kisha changarawe. Ukingo ule ule. Changarawe ile ile. Kwa muda akaona afadhali risasi.

"Toka barabarani," alisema.

"Dada?"

"Mchangani. Toka sasa, Mwendwa. Nenda mchangani."

Mwendwa akakata usukani. Magurudumu yaliuvuka ukingo, changarawe ikakwaruza chini kwa sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe, gari likainama upande mmoja, likakaa hapo likifikiri, kisha likarudi chini na kujichimbia kwenye rundo la kwanza hadi taa zikazama. Injini ikazimika. Ikran alikuwa bado ametoa mikono nje.

"Shukeni polepole," sauti ilisema. "Mikono juu."

Askari alikuwa kijana, naye alikuwa akihema. "Kwa nini mmekwepa kizuizi?"

"Hatukukwepa, afande," alisema Abshir, na hofu ilikuwa imemnyang'anya hata zile pa chache alizokuwa nazo. "Breki ndiyo haikubimwa."

"Breki haina bima?"

"Haikubimwa."

"Na gari? Gari lina bima?"

"Hilo nalo bado."

Kicheko kilimjia Ikran kutoka tumboni. Kilipofika mdomoni kikatoka kama kilio, na hakuweza kukizuia. "Anasema kupima, afande. Kupima, kwa pa. Fundi hajapima breki."

Askari alimtazama yeye, akamtazama babake. Kisha akaielekeza bunduki chini. "Mwiteni huyo fundi," alisema.

Yahye alikuja kwa bodaboda, spana kiunoni, chupa ya mafuta ya breki mkononi, uso umemshuka. "Nimetoka chini ya lori, gari hakuna," alisema. "Wallahi nilimwambia huyu angoje. Mabomba mabya, ubebo bado uko ndani. Kutoa ubebo ni kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa beke yangu."

"Mimi nilisikia bima," alisema Mwendwa.

"Si ndiyo nilisema? Bima."

Hakuna aliyecheka. Mwendwa aliitwa kando kuandikisha maelezo. Abshir alikuwa ameketi juu ya mchanga, mkono wake mbovu mapajani. Yahye alifukua mchanga kando ya magurudumu, akatambaa chini ya gari, kisha sauti yake ikatoka huko: "Nani atakanyaga?"

Ikran akaingia kiti cha dereva. Hakuamua, aliona tu hakuna mwingine.

"Bamba, adeer," alisema Yahye, akimwita kama ami amwitavyo mpwa wake. "Bamba, bamba, shikilia."

Ikran akapampu. Pedali ilizama bila kitu chini yake, kama kukanyaga maji. Akashikilia. Chini kukatoka mlio wa hewa, na matone. "Tena." Akalibana goti kwa mkono. Walikwenda gurudumu kwa gurudumu, na kila mara pedali ilizama kidogo kuliko mwanzo, mpaka ikafika wakati ikagoma juu, ngumu, na uzito wake wote haukuishusha.

"Ikoje?" aliuliza Yahye.

"Imebimwa," alisema Ikran, na ni baada ya kulitoa neno ndipo alipolisikia.

"Basi toa mguu."

Pua ya gari ilikuwa bado imezama mchangani, injini imezimwa, gari lisingeweza kwenda popote.

"Bado," alisema, akazidi kukanyaga.