Jiko Hubebwa na Aliye Chini

Ovila alipouliza jiko lao lina uzito gani, Aldéa alicheka, lakini mumewe Livain alinuna na kuendelea kupaka siagi kwenye chapati yake ya maji.

"Uzito wa jiko langu unakuhusu nini?"

"Nauliza tu, Livain wa Edmond. Kwani kuuliza ni dhambi?"

Dhambi haikuwa, ila katika mji wa Anse-Boudreau hapakuwa na mtu aliyeuliza uzito wa jiko la mwenzake bure. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimezima mashine miezi ishirini nyuma. Wakubwa hawakusema kimekufa, walisema kimelala. Hapo ndipo mtego ulipotegwa, maana maiti huzikwa watu wakaenda zao, ila aliyelala unakaa naye mpaka aamke. Majina ya wafanyakazi wote yalibandikwa kwenye ukumbi wa chama chao, wa zamani juu, wa juzi chini. Kazi ikirudi, barua ingemwendea aliye juu kabisa, naye angekuwa na siku tatu za kufika getini. Anayehama mji hulifuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli nyekundu iliyofungwa kwa uzi ukutani. Na desturi ikawa hivi, wala hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha: aliye chini yako kwenye orodha ndiye anayekuja kukubebea jiko lako la kuni. Umempandisha ngazi, basi naye akupunguzie mzigo. Nyumba unaweza kuiacha, kwani nani angeinunua? Jiko la chuma la bibi yako huliachi.

Livain na Ovila walikuwa mkia wa orodha ile. Waliajiriwa asubuhi moja, miaka kumi na sita nyuma, na Livain alitangulia dakika kumi tu kwa sababu Ovila alisimama njiani kununua maandazi. Tangu siku hiyo Ovila hakupata amani. "Ulikula cheo chako kikiwa cha moto, bwana," Livain humwambia kila wanapogombana. Sasa walio juu yao walikuwa wamekwisha. Wengine walistaafu, wengine walizikwa, na waliobaki walishika penseli mmoja mmoja wakaenda zao, huku Livain akibeba majiko hadi kiuno chake kikajua ngazi za nusu ya nyumba za mji. Yalibaki majina mawili yasiyo na mstari. La juu lilikuwa lake.

Ovila alipoaga, Aldéa hakucheka tena. Dada yake Lorette, aliyeko mji wa Moncton, alikuwa amewawekea ghorofa ya juu ya nyumba yake, lakini mwisho ni Jumapili. Baada ya hapo angewapa wapangaji.

"Leo Jumatano, Livain."

"Najua siku za wiki."

"Basi niambie."

"Nikuambie nini? Tunakwenda Moncton kufanya nini? Sina kazi kule."

"Na hapa unayo?"

"Hapa mimi ni wa kwanza! Watu wote wamekwisha mbele yangu. Unataka nitoke kwenye foleni nikiwa nimefika dirishani?"

"Na hilo dirisha lina mtu ndani?"

"Subira huvuta heri, Aldéa."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. La kwangu limeuma miezi ishirini."

Jambo lililomkaba Livain hakuwahi kumwambia mtu. Kitu kimoja tu alikijua duniani, nacho ni mashine namba nne. Alijua kwa kusikiliza, bila kutazama, mahali karatasi itakapochanika, na mara nyingi aliiwahi kabla haijachanika. Nani Moncton alihitaji sikio kama hilo? Akibaki, alikuwa fundi anayesubiri. Akihama, alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne asiyejua chochote. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama mlangoni na kuvuta hewa puani, akitafuta ile harufu ya kiwanda, kama ya mayai viza, ambayo wageni waliizibia pua na wenyeji waliiita harufu ya mshahara. Alinusa matope na theluji inayoyeyuka, akarudi ndani. Alijiona mjinga, na kesho yake akanusa tena.

Ijumaa barua ikaja.

Aliifungua palepale posta, akaisoma mara mbili, akaitia mfukoni. Alipitia njia ndefu ya mtoni kurudi nyumbani, kama saa nzima. Alipoingia jikoni alimkuta Aldéa akitoa sahani kwenye boksi la safari, akizifungua magazeti na kuzirudisha kabatini. Binti yao Mireille, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akizipangusa. Aldéa alikuwa na macho mekundu, naye akitabasamu.

"Yvonne wa posta amenipigia simu," alisema. "Kaiona bahasha. Umeitwa, Livain! Nami nilikuwa nakunyanyasa kila siku. Nisamehe, mume wangu. Chakula kikiiva nampigia Lorette, awape watu hiyo ghorofa yake."

Livain alijiona ametegwa kuliko wakati wowote katika miezi ile yote. Angeweza kunyamaza. Barua ilikuwa ya kweli, kazi ilikuwa ya kweli, na Jumatatu angepita getini na kofia yake kichwani. Sahani nyingine iliingia kabatini, moja ya zile za maua za mama mkwe, na kila moja ilipogonga ubao moyo wake ulishuka.

"Aldéa, acha sahani."

"Nini?"

"Si kazi ya karatasi. Namba nne imeuzwa. Inakwenda ng'ambo vipande vipande. Wanataka mtu anayeijua, awaonyeshe pa kukata. Wiki kumi na moja."

"Halafu?"

"Halafu hakuna."

Aldéa akakaa kitini, sahani ikiwa mapajani.

"Unataka kwenda?" aliuliza polepole.

"Nataka," alisema Livain, na aibu ikampanda mpaka masikioni. "Hata kama ni kuichinja. Nataka nisimame karibu nayo."

"Miezi ishirini nimeishi na mwanamume aliyeoa mashine!" Alikuwa analia sasa, analia kwa hasira. "Imekufa, Livain. Hata matanga yana mwisho. Watu wanakunja mikeka wanakwenda kwao."

Mireille alikuwa bado ameshika kitambaa. "Baba," alisema, "Jumatatu mwalimu anataka tuchague masomo ya mwakani. Nichague ya shule gani?"

Hakuwa na uchungu wowote, aliuliza tu kama mtu anayeuliza saa. Livain alimtazama, akatambua kwamba mtoto huyu amezoea kutojibiwa.

"Usichague," alimwambia. "Utachagua Moncton."

Jumamosi asubuhi alikwenda ukumbini. Ovila alikuwa peke yake, anakunywa kahawa na kusoma gazeti la juma lililopita. Penseli ilikuwa butu, Livain akaichonga kwa kisu cha mfukoni, taratibu kuliko ilivyohitajika. Kisha akavuta mstari juu ya jina lake mwenyewe, Livain wa Edmond.

Ovila aliacha kikombe, akaruka. "Toba! Umefuta kweli! Mzee wangu! Basi yale maandazi yamelipa!" Alimkumbatia, akamzungusha, akapiga teke kiti kwa furaha. "Mimi wa kwanza! Nakuja na gari langu saa sita. Jiko lina uzito gani?"

"Zito," alisema Livain. Barua ilikuwa mfukoni, na hakuitoa. Alijidharau njia nzima ya kurudi nyumbani.

Saa sita walilitoa jiko mlangoni, Ovila chini na Livain juu, wakitukanana kama kawaida yao. Kwenye ngazi ya pili walilitua wapumue. Ovila alikuwa anapiga mluzi. Livain hakuweza kuuvumilia ule mluzi, akatoa barua na kumpa.

Ovila aliisoma midomo ikicheza. Alifika mwisho, akaanza tena juu. Ndani ya gari la familia Aldéa na Mireille walikuwa wanapanga mito, na hawakutazama.

"Kwa hiyo wiki ijayo inakuja barua ya kwangu," alisema.

"Itakuja."

"Na ulijua, mimi naruka pale kama mbuzi."

"Nilijua. Nilishindwa kusema. Nisamehe, Ovila."

Ovila aliikunja barua katika mikunjo yake ileile, akamrudishia. "Sijaiona," alisema. "Sawa? Wewe umenipa nafasi, hukunipa barua. Niache na siku zangu chache za furaha."

"Utakwenda kuikata?"

"Nisipokwenda niende wapi? Mimi sina shemeji Moncton. Mke nimemzika hapa." Akainama, akashika miguu ya jiko. "Haya, inua. Usinitegee upande mzito kama ulivyomfanyia yule marehemu Fernand kwenye jiko lake."

Walilipandisha kwenye gari la Ovila. Ovila alilifunga kamba, akapiga fundo, akalijaribu, akapiga jingine juu yake ambalo halikuhitajika. Kisha akasimama na mkono juu ya chuma, anaangalia barabara yenye nyumba zisizotoa moshi. Livain alijua anahesabu nini. Orodha ilikuwa imebaki na jina moja, na chini ya jina lile palikuwa na ukuta mtupu.

"Livain wa Edmond," alisema. "Langu atalibeba nani?"

Livain alitaka kucheka, akashindwa. "Mimi."

"Wewe ulikuwa juu yangu. Desturi inasema aliye chini."

"Desturi hiyo leo imekwisha. Wiki ya kumi na mbili nakuja. Nitakuja hata kwa miguu."

Ovila alijipangusa pua kwa mkono wa koti. Alizunguka kwenda upande wa usukani, akafungua mlango, akasimama.

"Basi njoo na mtu wa pili," alisema. "Langu ni zito kuliko lako."