Jumapili ya Furaha, Ghorofa ya Saba

Wacera aliomba mwenyewe. Jumuiya ndogo ya Mtakatifu Ana ilikuwa ikipanga nyumba zitakazopokea sala za Majilio, na kwa kuwa yeye hakuweza kufika kikaoni, alimtuma Adhiambo, jirani yake wa mlango wa pili.

"Waambie nataka wiki ya tatu," alisema. "Ile ya mshumaa wa waridi. Jumapili ya Furaha. Wasinipe nyingine."

Adhiambo alilifikisha ombi hilo. Mwenyekiti Mureithi alilikubali mbele ya wote, watu wakapiga makofi, na kikao kikaendelea na mambo mengine.

Watu wa jengo alimoishi, katika mtaa wa Pipeline jijini Nairobi, walimwita Wacera Shosho, yaani bibi, hata wale ambao hawakuwa wamewahi kumwona. Alikuwa ameishi mtaa wa Mbotela tangu alipoolewa, katika nyumba ya chini yenye mlango uliofunguka moja kwa moja nje, akiuza viazi na vitunguu hapo hapo mlangoni. Halafu akaanguka, akavunjika nyonga. Mwanawe Ngigi, dereva wa lori, alimchukua akae kwake, na kwa Ngigi ni ghorofa ya saba, katika jengo lisilo na lifti. Tangu siku hiyo Shosho alishuka kwenda hospitali tu, akiwa amebebwa juu ya kiti. Padre alimletea komunyo mara moja moja. Lakini jumuiya, iliyokutana kila Jumapili alasiri nyumbani kwa mmoja wao, haikuwa imepanda kwake hata siku moja. Kila mwaka jina lake lilisomwa, na kila mwaka likarukwa.

Sasa ahadi ilikuwa imetolewa hadharani, na Shosho aliishika kwa mikono miwili. Hakungoja kama mgonjwa. Alingoja kama mama anayetarajia wageni wa posa. Alimwambia Adhiambo afue mapazia, kisha akayakagua, akamrudishia moja lifuliwe tena. Kitanda kilisukumwa hadi ukutani ili viti viingie. Ngigi alikata matawi mabichi alipokuwa akirudi kutoka Limuru, na Shosho akayasokota kuwa shada. Mishumaa ya rangi haikupatikana karibu, basi akaifunga ya kawaida kwa utepe wa zambarau ambao Adhiambo aliubandua kwenye gauni la mtumba lililoharibika. Utepe wa waridi aliununua mpya.

Jioni, Adhiambo akitoka kwenye kibanda chake cha nguo za watoto huko soko la Gikomba, alimkuta Shosho amewasha mshumaa na kuimba peke yake nyimbo za kumngoja Bwana, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, sauti yake ikikatika pale juu na yeye akiendelea tu.

"Shosho, umefurahi mapema," Adhiambo alimwambia siku moja.

"Nisubiri mpaka lini nifurahi? Watu wakishaenda?"

Jumamosi ya kuamkia siku yenyewe, Adhiambo alikuwa amejiinamia kwenye belo jipya la mitumba, akichambua sweta za watoto, simu yake ilipolia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, ulioandikwa na katibu, Roseline. Ulisema kwamba kutokana na sababu zisizoepukika, sala za kesho zitafanyika kwa mwenyekiti. Tuzingatie muda. Shosho Wacera tunamkumbuka katika maombi.

Chini yake watu walikuwa wameanza kujibu. Amina. Amina. Amina.

Adhiambo alisoma mara mbili. Akampigia Roseline.

"Sababu gani hizo zisizoepukika?"

"Mama Willis, usinikaripie mimi," Roseline alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Watu wamelalamika kuhusu ngazi. Kuna wazee, kuna wenye magoti mabaya. Na katekista Mulongo anakuja. Kweli tumpandishe mpaka huko juu, halafu tumkalishe wapi? Kwa mwenyekiti kuna nafasi."

"Ngazi zimejengwa jana?"

"Shosho ataelewa. Ni mtu wa imani."

"Umemwambia?"

Roseline alisema, "Tulifikiri wewe utamwambia vizuri."

Adhiambo alikata simu. Alikumbuka siku mashemeji wa Mureithi walipohamia ghorofa ya sita ya jengo hilo hilo. Wanaume wa jumuiya walijitokeza wote, wakapandisha kochi la viti vitatu wakiimba. Siku hiyo hakuna aliyetaja goti. Na wauzaji wa maji, ambao walipanda na mitungi kila mara mabomba yalipokauka, ndio waliomfahamu Shosho kuliko wanajumuiya wenzake.

Alifunga kibanda mapema. Njia nzima alitafuta maneno matamu na hakuyapata, na kadiri alivyoyatafuta ndivyo alivyozidi kukasirika kwamba kazi hiyo ameachiwa yeye. Alipofika, Shosho alikuwa amekaa kando ya karai, akisuuza vikombe alivyoazima kwa majirani.

"Wamehamisha," Adhiambo alisema, akiwa bado mlangoni. "Ni kwa mwenyekiti. Wanasema ngazi."

Shosho alipangusa kikombe alichoshika, akakiweka mezani, akachukua kingine. Adhiambo alidhani hakusikia.

"Shosho—"

"Nimesikia. Na mimi wamesema nini juu yangu?"

"Kwamba wanakukumbuka katika maombi."

Hapo ndipo Shosho alipoacha vikombe. "Wanikumbuke? Mimi nimekufa?" Sauti yake haikuwa kubwa. "Marehemu ndio hukumbukwa. Mimi niko hapa, nimefua mapazia. Waambie wasinikumbuke. Waje."

"Hawatakuja, Shosho."

"Nimesema saa tisa, ni saa tisa. Hayo maziwa ya chai usiyarudishe dukani."

Kesho yake Adhiambo alikwenda kwa Mureithi. Mwenyekiti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi chini ya jengo lao, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, pana, yenye vigae na televisheni iliyojaza ukuta. Viti vya plastiki vilipangwa hadi kwenye korido. Harufu ya pilau ilitoka jikoni. Katekista Mulongo alikalishwa kwenye kochi kubwa, na mezani palikuwa na shada la kununua, likimetameta.

Adhiambo alisimama nyuma kabisa. Roseline alisoma somo la siku, lile la nabii anayetaka walio dhaifu watiwe nguvu, magoti yanayotetemeka yaimarishwe, na anayeahidi kwamba kiwete ataruka. Alilisoma vizuri, bila kukwama. Baada ya hapo Mureithi alikaribisha watu waseme neno limewagusa wapi, kama ilivyo kawaida. Mmoja alisema limemgusa kwenye uvumilivu. Mwingine alisema Mungu huja kwa wakati wake.

"Mimi limenigusa kwenye magoti," Adhiambo alisema.

Watu waligeuka.

"Leo tulialikwa ghorofa ya saba. Kuna mama huko amevaa sare ya Chama cha Akina Mama tangu asubuhi. Amewasha jiko, amepanga vikombe, mlango ameuacha wazi. Anawangoja nyinyi."

"Mama Willis," Mureithi alisema kwa upole, "huu si wakati wake. Jambo hilo tulilizungumza."

"Mlilizungumza na nani? Yeye hamkumwambia. Mlinitumia mimi ujumbe kama mnaahirisha mechi."

"Tulifikiria wazee. Ngazi zile zina giza, maji yanamwagika kila mahali. Mtu akianguka?"

"Yeye ndiye aliyeanguka, Mwenyekiti! Na ndiye mnayemwacha juu. Kochi la shemeji zako mlilipandisha mkiimba."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Uso wa Mureithi ulibadilika. "Usilete siasa katika nyumba ya watu. Shosho ni mtu wa imani, ataelewa."

"Ameelewa. Ndiyo maana amekasirika."

Kutoka jikoni mke wa Mureithi alichungulia akiwa na mwiko mkononi. Ndipo Mzee Nyongesa, mstaafu wa reli aliyekaa karibu na dirisha, alipogonga sakafu kwa fimbo yake.

"Wazee wanaotajwa hapa ni akina nani?" aliuliza. "Maana nikitazama, mzee ni mimi. Magoti mabaya ni haya yangu. Nani aliyaulizia?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Mmeyatumia magoti yangu bila ruhusa," Nyongesa alisema. Aliinuka kwa hasira. "Miaka yote hii nadhani yule mama hataki wageni. Kumbe ni mimi niliyekataa, na sijui! Mama Willis, nipe bega."

Walitoka. Kwenye ngazi ya kwanza Adhiambo alisikia viti vikikwaruza vigae nyuma yao, lakini havikuwa vingi. Roseline alikuja, macho yake chini. Akina mama wawili wa kwaya walikuja. Katekista Mulongo, mtu mnene, alibaki mlangoni kwa muda akimtazama mwenyekiti, kisha akachukua Biblia yake akawafuata. Wengine walikaa, na pilau ikapakuliwa.

Safari ilikuwa ndefu. Maji yalikuwa kweli yamemwagika, na giza lilikuwepo kweli, Mureithi hakudanganya. Nyongesa alipumzika kila ghorofa, akikataa kubebwa. Katika ghorofa ya nne Mulongo aliketi kwenye ngazi, jasho likimtiririka, akasema, "Na huyu mama hushushwa vipi akiugua?"

"Kwa kiti," Adhiambo alisema. "Wauza maji humshusha."

Mulongo alishika ukuta, akainuka.

Shosho alikuwa ameketi akiutazama mlango, kitambaa cha buluu kichwani, mikono juu ya magoti. Mshumaa wa waridi ulikuwa umeshika moto zamani na nta ilikuwa imeteremka. Aliwatazama wakiingia mmoja mmoja wakihema. Adhiambo alitarajia machozi. Hakukuwa na machozi.

"Mmechelewa," Shosho alisema.

"Tumechelewa, mama," Nyongesa alikiri, akijiangusha kwenye kiti.

Shosho alimgeukia Roseline. "Ule ujumbe, nani aliuandika?"

"Mwenyekiti aliniambia kwamba—"

"Nimeuliza nani aliuandika."

"Ni mimi, Shosho. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Leo bado." Alimsogezea Biblia. "Soma. Somo lote, tangu mwanzo."

Roseline alisoma, na safari hii alikwama mara mbili. Kisha Shosho alianzisha wimbo mwenyewe, na hapo uso wake ulifunguka. Aliimba kwa nguvu hata milango ya majirani ikaanza kufunguliwa. Mama mmoja wa ghorofa hiyo, ambaye hakuwa Mkatoliki, aliingia na mtoto mgongoni akaanza kupiga makofi. Chai ilitosha, kwa sababu wageni walikuwa wachache. Vikombe vingi vilivyoazimwa vilibaki vikavu mezani, na kila Adhiambo alipoviona, hasira ilimrudia upya. Lakini Shosho alikuwa akicheka na Nyongesa kuhusu Mbotela ya zamani, na akamwamuru katekista ale andazi la tatu.

Katikati ya wiki Mureithi alimtuma mfanyakazi wake wa duka na mfuko wa unga, sukari na mafuta, kwa Shosho, kutoka jumuiya. Shosho hakuufungua. Alimwita Adhiambo.

"Mrudishie. Mwambie sijaukataa. Akiuleta mwenyewe, nitaupokea."

Adhiambo aliteremka na kumkuta Mureithi dukani akipimia mteja misumari. Akauweka mfuko juu ya kaunta.

"Amekataa?" Mureithi aliuliza.

"Hapana. Anasema uupeleke wewe."

Mureithi alizitazama ngazi kupitia mlango wa nyuma. "Wiki hii kuna kazi nyingi. Nitaona."

"Anakungoja," Adhiambo alisema.

Krismasi ilifika kabla hajapanda. Asubuhi hiyo Ngigi, wauza maji wawili na katekista Mulongo walimweka Shosho kwenye kiti, wakamshusha polepole ghorofa zote saba kwenda misani, Nyongesa akitangulia na fimbo akiwaelekeza palipo na maji. Walipopita nyuma ya duka, Mureithi alikuwa akifunga mlango wake, amevaa suti. Alisogea kando kuwapisha.

"Krismasi njema, Shosho," alisema.

Shosho aliwaomba wabebaji wasimame. Alimpa mkono, akaushika wa Mureithi bila kuuachia.

"Njema," alisema. "Sasa shika kiti upande huu. Mulongo amechoka."

Mureithi alitazama suti yake, kisha akainama akashika.